Kurudia hisabati si kurudia mtihani

Matokeo ya vyuo yanapotolewa, huwapo kundi la wanafunzi ambao hawasherehekei wala hawafukuzwi. Ni wale walioanguka somo moja tu, na aghalabu somo lenyewe ni hisabati. Hapa Matuu tunawafahamu vyema. Hurejea kutoka vyuo vya Thika, Machakos na Kitui, wakashika kazi mashambani au madukani huku wakingoja tarehe ya mtihani wa marudio. Mzazi akiuliza, huambiwa kwamba imebaki karatasi moja tu.

Maneno hayo "moja tu" ndiyo yanayotupotosha. Asiyepita kalkulasi ya kwanza kwa kawaida haruhusiwi kuingia ya pili, na mwanafunzi wa stashahada ya uhandisi aliyeshindwa na hisabati hapewi cheti chake hata akiwa hodari kiasi gani katika karakana. Karatasi moja yaweza kumeza mwaka mzima pamoja na karo, nauli na kodi ya chumba, ilhali mkopo wa HELB unangoja kulipwa. Ni haki basi tuulize: katika muda huo wa kungoja, mwanafunzi hufundishwa nini?

Mara nyingi hafundishwi lolote. Hulipa ada, hujisajili, kisha hufika siku iliyotajwa akaketi mtihani. Kati ya mtihani wa kwanza na wa pili huenda asipate hata kipindi kimoja cha darasani. Karatasi aliyoiandika haioni tena. Aonacho ni alama. Hajui kama hakulielewa swali, au kama alilielewa barabara kisha akakosea kujumlisha sehemu zenye asili mbalimbali. Ndipo anapokimbilia maswali ya miaka iliyopita na kukariri majibu yake, akimwomba Mungu yajirudie. Akianguka tena, huambiwa airudie kozi nzima, nayo huenda ikafundishwa mara moja tu kwa mwaka.

Sisi watu wa Yatta tuna funzo karibu na nyumbani. Mfereji wa Yatta, uliochimbwa na mahabusu wa Mau Mau katika miaka ya 1950, huyaleta maji ya Mto Thika kwa nguvu ya mteremko. Maji yasipofika shambani, mkulima halilimi shamba lake upya. Huufuata mfereji kwenda juu mpaka apaone palipoziba tope. Hisabati nayo hutiririka vivyo hivyo. Anayeanguka kalkulasi chuoni mara nyingi hakuangukia hapo. Mfereji wake uliziba kwenye aljebra ya kidato cha pili, au hata kwenye sehemu alizofunzwa katika shule ya msingi. Kumketisha tena mtihani uleule bila kuutafuta mzibo huo ni kulima shamba kavu mara ya pili.

Jambo hili si letu peke yetu. Tangu 2014, Uingereza imewataka vijana ambao hawakufikia kiwango cha kutosha katika hisabati ya GCSE waendelee na somo hilo baada ya kutimiza umri wa miaka 16. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, katika mtihani wa 2024, miongoni mwa watahiniwa wenye umri wa miaka 17 na zaidi, waliofikia kiwango hicho hawakutimia hata mmoja kati ya kila watano. Ikiwa taifa lenye vitabu na vifaa kutuzidi limeshindwa kufaulisha watu kwa kuwarudisha tu katika chumba cha mtihani, sisi tunatarajia nini?

Hapa Kenya tuliwahi kushika njia iliyo bora. Mradi wa SMASSE, ulioanzishwa 1998 kwa msaada wa Japani katika wilaya chache, jirani zetu wa Makueni wakiwamo, ulishughulikia namna mwalimu anavyofundisha hisabati na sayansi. Lakini mradi huo ulikuwa wa shule za upili. Mhadhiri wa chuo hakuulizwa swali kama hilo.

Isitoshe, katika vyuo vikuu vyetu vingi anayepita mtihani wa marudio huandikiwa asilimia 40, hata akipata 75. Watetezi wa kanuni hiyo husema si haki aliyepata 55 mara ya kwanza apitwe na mwenziwe aliyepewa nafasi mbili. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini hati ya matokeo ni ushahidi, na ushahidi sharti useme kweli. Na iandikwe alama aliyoipata, kando yake ielezwe kwamba ni ya mara ya pili, kisha mwajiri aamue mwenyewe. Kijana anayejua tangu mwanzo kwamba bidii yake haitavuka 40 atasomea 40, na hapo ndipo ujuzi wake utakapokomea. Kesho huyo ndiye atakayetupimia daraja.

Kwa maoni yangu, vyuo vifanye mambo mawili kabla ya kumtoza mwanafunzi ada ya marudio. Kwanza, aonyeshwe karatasi yake iliyosahihishwa, aketi na mwalimu, waandike pamoja mada zilizomshinda. Pili, apewe wiki kadhaa za masomo juu ya mada hizo, hata ikibidi kurudi kwenye vitabu vya kidato cha kwanza. Hakuna aibu katika kurudi huko.

Nanyi walimu wa shule za upili mlio hapa Matuu, kijana wa chuo akija kuwaomba mumweleze tena milinganyo ya kidato cha pili, msimcheke. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, lakini hawakusema mhunzi ashike chuma cha moto kwa koleo lilelile lililovunjika. Kwanza hulitengeneza.