KANSA YA DAMU NA ZAMU YA ASKARI

Askari amezoea kumtambua adui kwa nyayo zake, kwa moshi wa moto wake na kwa mlio wa risasi yake. Leo twapenda kuzungumza na askari wetu wa jeshi na polisi juu ya adui asiye na nyayo, akaaye ndani ya uboho wa mifupa na ndani ya matezi, na kuziharibu chembe za damu mahali pale pale zinapozaliwa. Kansa za damu ni jamaa kubwa yenye majina mengi. Lukemia ni mmoja wao, na limfoma ni mwingine. Tumechagua kuyasema haya katika ukurasa huu kwa sababu sehemu moja ya historia ya tiba yake ilianzia vitani, na sehemu nyingine, wala si ndogo, ilifanyika hapa hapa Uganda, nao wanaoijua ni wachache mno.

Tuanze na vita. Gesi ya haradali ilitumiwa kuua watu katika Vita Kuu ya Kwanza, na waganga waliowapasua maiti waliona kuwa uboho ulikuwa umeharibika na chembe nyeupe za damu zimepungua sana. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, wataalamu Louis Goodman na Alfred Gilman walikuwa wakizichunguza sumu za jamii hiyo kwa ajili ya jeshi. Wakajiuliza: ikiwa sumu hii huziua chembe nyeupe za mtu mwenye afya, itazifanya nini chembe zilizoasi? Agosti mwaka huo mgonjwa mmoja wa kansa ya matezi akadungwa dawa iliyotokana na sumu hiyo. Uvimbe ukanywea. Kisha ukarudi, na mgonjwa akafa. Habari hizo zilifungwa kama siri ya kijeshi mpaka mwaka 1946.

Siri ikiwa bado imefungwa, tarehe 2 Desemba 1943, ndege za Ujerumani ziliipiga bandari ya Bari katika Italia. Miongoni mwa meli zilizozama ilikuwamo moja ya Marekani, John Harvey, iliyokuwa imebeba mabomu ya haradali bila ya watu wa bandari kuarifiwa. Sumu ikachanganyika na mafuta juu ya maji. Mabaharia waliookolewa walifunikwa mablanketi wakiwa bado na nguo zao zilizolowa, kwa kuwa waganga hawakuambiwa ni kitu gani kimewapata. Zaidi ya watu 600 waliugua kwa sumu hiyo, na wapatao 80 wakafa katika mwezi ule. Luteni Kanali Stewart Alexander, mganga wa jeshi, alitumwa kuchunguza. Alifanya kazi ambayo polisi yeyote ataitambua: aliwapanga wagonjwa na maiti katika ramani kwa kufuata mahali kila mmoja alipokuwa usiku ule, na ramani ikamwonyesha meli. Katika damu yao akakuta jambo lile lile, chembe nyeupe zimetoweka.

Hatusemi kwamba vita vilileta heri. Wale mabaharia hawakufa kwa ajili ya utafiti. Walikufa kwa sababu wakubwa wao walificha habari ambayo ingewaokoa, na askari anayesoma haya ana haki ya kukasirika. Tunalosema ni kwamba kutokana na sumu hiyo zilitengenezwa dawa, na mojawapo, siklofosfamidi, ndiyo iliyokuja kuwatibu watoto wa Uganda.

Hapo ndipo anapoingia Denis Burkitt. Huyu alikuwa daktari mpasuaji, mtu wa jicho moja tangu utotoni, aliyelitumikia jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili kabla ya kuja Uganda mwaka 1946 na kuanza kazi Lira. Mwaka 1957, akiwa Mulago, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Hakupata kuona jambo la namna hiyo. Baada ya muda mfupi, akiwa katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule, tena tumboni mwake mna uvimbe. Mara moja huweza kuwa ajabu tu. Mara mbili, Burkitt alifikiri, ni habari. Akafungua majalada ya hospitali, akakuta watoto wengi walioandikiwa majina tofauti ya magonjwa kumbe ugonjwa ni mmoja. Mwaka 1958 akautangaza.

Kisha akafanya upelelezi. Alituma karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza: je, mmewaona watoto wa namna hii? Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakaenda kusini mpaka Afrika Kusini, maili 10,000 kwa wiki 10, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Williams alikuwa fundi mzuri wa magari. Bila yeye huenda safari ingeishia njiani. Ramani waliyoipata ilionyesha kwamba ugonjwa huo hukaa katika nchi za joto na mvua, na hauonekani sana milimani penye baridi. Ilifanana mno na ramani ya malaria.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa hotuba London, na mtaalamu Anthony Epstein akamsikiliza. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake Achong na Barr wakatangaza kuwa wameona kwa hadubini ya elektroni virusi vilivyokuwa havijulikani. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza kuonekana vyenye kuhusiana na kansa ya binadamu. Baadaye, katika miaka ya 1970, damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile ilitolewa na kuhifadhiwa, kisha wataalamu wakangoja waone ni nani watakaougua. Wachache waliougua walikutwa wamekuwa na dalili nyingi za virusi hivyo katika damu yao tangu kabla ya uvimbe kutokea. Twawakumbusha askari wetu waliozaliwa Arua na kandokando yake: damu ya dada na kaka zenu iliufundisha ulimwengu.

Kuhusu matibabu, Burkitt aliona kwamba kisu hakifai, kwa maana uvimbe ulikua upesi kuliko mkono wa mpasuaji. Dawa ndizo zilizofaa. Uvimbe uliokuwa ukimfumba mtoto macho uliweza kupungua katika siku chache. Mwaka 1967 Kituo cha Kutibu Limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano na Taasisi ya Kansa ya Marekani, chini ya Dakta John Ziegler, nacho ndicho mzazi wa Taasisi ya Kansa ya Uganda tuliyo nayo leo. Ziegler alipoondoka mwaka 1972, Dakta Charles Olweny, mwana wa nchi hii, aliishika kazi katika miaka ambayo wengi waliikimbia. Jina lake lastahili kutajwa zaidi ya linavyotajwa.

Juu ya lukemia tutasema kwa ufupi. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba watoto 10 kati ya 16 aliowatibu kwa dawa mpya walipata nafuu, ijapokuwa ya muda. Leo katika nchi tajiri watoto 9 katika kila 10 wenye lukemia kali ya aina iliyo ya kawaida kwa watoto huishi miaka mitano na zaidi. Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia, ilionekana kromosomu iliyofupika katika damu ya wenye lukemia sugu ya aina moja; miaka 41 baadaye, mwaka 2001, ikaidhinishwa dawa ya imatinibu, kidonge kimezwacho kila siku nyumbani, kinachoizima kasoro ile ile iliyotokana na kromosomu hiyo. Ugonjwa uliokuwa ukiua katika miaka michache umekuwa ugonjwa wa kuishi nao, mradi mgonjwa asiache kidonge chake.

Basi askari ahusikeje? Kwanza kwa watoto wa kambini. Mtoto akivimba taya, meno yakalegea, watu husema ni jino, likang'olewa, na wiki zikapita. Kansa ya Burkitt haingoji wiki. Ni katika kansa zikuazo upesi kuliko zote. Vivyo hivyo homa isiyokwisha baada ya dawa ya malaria, damu ya pua au ya ufizi isiyo na sababu, weupe wa viganja, madoa mekundu ya ngozi, maumivu ya mifupa. Si kila mwenye dalili hizo ana lukemia, na wengi wao hawana. Lakini hesabu ya chembe za damu na tone moja lililotandazwa juu ya kioo cha hadubini vyaweza kumwonyesha mganga kama kuna haja ya kupima uboho.

Pili ni damu yenyewe. Dawa za kansa hupunguza chembe nzuri pamoja na mbaya, na mgonjwa huweza kufa kwa kutoka damu kabla kansa haijamuua. Chembe za kugandisha damu haziwekwi akiba kama risasi. Hudumu siku tano hivi tu, kisha hutupwa. Kwa hiyo damu ya sikukuu, inayotolewa siku moja kwa gwaride na picha, haimsaidii mtoto wa wiki ijayo. Twawaomba wakuu wa vikosi wapange kutoa damu kama wapangavyo lindo: kikosi hiki wiki hii, kile wiki ijayo, kwa mwaka mzima. Mwanamume mwenye afya aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya minne.

Tatu, na hili twalielekeza kwa maafande wenye kalamu. Matibabu ya kansa hizi huenda kwa awamu, na awamu ikirukwa ugonjwa hurudi ukiwa mkaidi zaidi. Askari aweza kuhamishwa leo kutoka Bombo kwenda Moroto, na mkewe akabaki peke yake na mtoto, nauli ya kwenda Mulago asiijue itatoka wapi. Jalada la askari huonyesha cheo chake, bunduki yake na adhabu zake. Liongezwe karatasi moja: mtoto anatibiwa, tarehe ya kurudi hospitali ni fulani. Na afisa atiaye sahihi ya uhamisho aisome karatasi hiyo kabla ya kutia sahihi.