Chumvi Hula Chuma

Tangu kale chumvi ya Uvinza huvuka ziwa kuja kwetu. Siku hizi vijana huipandisha kutoka Moba bandarini hadi Kirungu kwa pikipiki, pamoja na samaki waliotiwa chumvi. Haupiti muda mrefu, chuma cha kubebea mizigo hushika kutu, na wengine husingizia maji ya ziwa. La, hasha! Maji ya Tanganyika ni matamu. Mwenye hatia ni chumvi. Huvuta unyevu wa hewa, ikapenya katika mikwaruzo ya rangi na kuharakisha kutu. Hata Ulaya, ambako chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, magari huliwa vivyo hivyo.

Dawa ni nyepesi. Tandika plastiki chini ya mzigo. Jioni ileile osha chuma kwa maji safi, hasa penye maungio, kisha ukikaushe. Palipo na kutu, sugua kwa msasa, upake rangi. Usingoje kesho, kwa kuwa kutu hula kimyakimya chini ya rangi. Na chuma kikikatika mlimani, aliyepakiwa nyuma ndiye aangukaye. Ndoo moja ya maji ni nafuu kuliko mguu uliovunjika.