Acheni kuwafunza wahandisi wetu kwa MATLAB ya wizi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zimenizidi. Lakini jambo lililotokea Jumamosi limenitoa mafichoni, na leo nitasema bila kuuma maneno.

Binamu yangu anasomea uhandisi wa umeme, mwaka wa pili, katika chuo ambacho sitakitaja. Jumamosi asubuhi alinipigia simu akiwa karibu kulia. "Kaka, faili zangu zote hazifunguki." Nikamwambia alete laptopu. Kuangalia, kila faili imebadilishwa jina na kufungwa, na kwenye skrini kuna barua ya kudai dola. Ripoti yake ya maabara, noti za mihula mitatu, picha za mazishi ya babu, vyote vimekwenda. Laptopu yenyewe shangazi aliinunua kwa mkopo wa chama, na mkopo huo bado analipa.

Nikamwuliza ni programu gani aliyoiweka mwisho. MATLAB. Ameitoa wapi? Kwenye flashi inayozunguka darasani. Na flashi ilitoka wapi? "Tulipewa maabara, kaka. Tuliambiwa kila mtu anakili, kazi ya Jumatatu ni ya MATLAB." Ndani ya flashi mlikuwa na faili ya maelezo, na agizo la kwanza kabisa lilisema: zima kinga-virusi kabla ya kuendelea. Akazima. Wewe ungekuwa mwaka wa pili, na alama zinangoja, ungefanyaje?

Kwa wasioijua, MATLAB ni programu ya kukokotoa namba, na ina lugha yake. Mhandisi ana saketi yenye vitanzi viwili na betri ya volti 5. Akitumia sheria za Kirchhoff anapata milinganyo miwili. Badala ya kuitatua kwa karatasi, anaandika:

A = [3 -1; -1 2];
b = [5; 0];
A\b

Jibu linakuja: 2 na 1, yaani ampea 2 kwenye kitanzi cha kwanza na ampea 1 kwenye cha pili. Vitanzi vikiwa 200 badala ya viwili, mstari wa mwisho ni ule ule. Ndiyo maana wahandisi wanaipenda, na siwalaumu. Ni programu nzuri.

Ubaya ni kwamba inauzwa, na leseni yake si bei ya mandazi. Kuna bei nafuu ya wanafunzi, lakini hata hiyo, kwa mtu anayehesabu nauli ya matatu, ni ndoto. Basi chuo kisicholipa leseni kinafanya nini? Kinafumba macho na kupitisha flashi. Chuo hicho hicho kitamwita mwanafunzi mbele ya kamati akinakili kurasa mbili za ripoti ya mwenzake! Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Somo la kwanza la uhandisi linakuwa: iba, ila usishikwe.

Kinachoniuma zaidi ni historia. MATLAB ilizaliwa kwa ajili ya wanafunzi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cleve Moler alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani. Alitaka wanafunzi wake watumie maktaba za hesabu za LINPACK na EISPACK bila kuandika programu za Fortran, akawaandikia chombo chepesi, akawapa. Kampuni ya MathWorks ilikuja baadaye, mwaka 1984.

Hadithi ikajirudia kwa njia nyingine. GNU Octave ilifikiriwa karibu mwaka 1988 kama programu ya kuandamana na kitabu cha wanafunzi wa uhandisi wa kemikali. John W. Eaton akaanza kuijenga kwa dhati mwaka 1992, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 1994. Jina lake halihusiani na muziki. Ni jina la mwalimu wake wa zamani, Octave Levenspiel, aliyesifika kwa kukadiria majibu ya haraka kwenye kipande cha karatasi. Octave ni programu huria. Lugha yake inafanana na ya MATLAB kiasi kwamba ile mistari mitatu ya juu inafanya kazi pote bila kuguswa.

Nilisafisha laptopu ya binamu, nikaweka Octave. Kazi yake ya Jumatatu ilikuwa ya mifumo ya udhibiti, na tuliiandika upya tangu mwanzo. Unajua ni nini tulichoongeza ili iende kwenye Octave? Mstari mmoja: pkg load control. Basi. Michoro ikatoka. Akaniangalia, akauliza, "Kwa nini hawakutuambia?"

Nami nawauliza nyinyi wahadhiri swali hilo hilo. Majibu yenu nayajua.

"Viwandani wanatumia MATLAB." Sawa. Kiwanda kinachoitumia kitalipia leseni, na aliyejifunza Octave ataizoea mapema, kwa kuwa matriksi ni zile zile. Kiwanda kisichoweza kulipa kitampokea kijana anayejua njia moja tu ya kufanya kazi, nayo ni ile flashi. Siku wenye programu wakibisha hodi, ni mwajiri atakayekwenda kortini.

"Octave haina Simulink." Hapo mna haki. Kwa kuchora mifumo kwa visanduku, Octave haina mwenzake wa kweli. Scilab, iliyotoka INRIA Ufaransa, ina Xcos, ambayo inasaidia ingawa haifiki mbali hivyo. Kama somo linahitaji Simulink, chuo kinunue leseni za maabara hiyo moja. Lakini msiniambie mwanafunzi wa mwaka wa pili anayetatua matriksi na kuchora grafu anahitaji Simulink.

"Chuo chetu kimelipa." Hongera, kwa dhati. Lakini siku mwanafunzi anapohitimu, ufunguo unabaki chuoni, naye anarudi kwenye flashi. Tena hata aliyelipa anaweza kufungiwa nje. Mwaka 2020, vyuo viwili vya mji wa Harbin, China, vilikatiwa MATLAB baada ya serikali ya Marekani kuviweka kwenye orodha ya vikwazo vya biashara. Unajenga shule nzima juu ya ufunguo ulio mfukoni mwa mtu mwingine, halafu unalala usingizi?

Ninachotaka ni mambo matatu tu.

Kwanza, masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili yafanywe kwa Octave au kwa Python na NumPy. Mtu wa maabara aipakue mara moja, aiweke kwenye flashi ile ile, aizungushe darasani. Leseni ya GPL inaruhusu kunakili na kugawa. Flashi itazunguka kama zamani, ila safari hii hakuna anayeiba na hakuna anayezima kinga-virusi.

Pili, kazi zikubaliwe zikiwa zimeandikwa kwa chombo chochote halali. Sahihisheni hesabu, msisahihishe nembo ya kampuni.

Tatu, muda mnaotumia kuonyesha vitufe, utumieni kufundisha namba zenyewe. Mwambieni mwanafunzi aandike hivi:

0.1 + 0.2 == 0.3

Atapata 0, yaani si kweli. Atashtuka, na ndipo somo lianze, kwa sababu tarakilishi haiwezi kuandika 0.1 kikamilifu kwa 0 na 1. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudia, mtambo wa Patriot uliokuwa ukihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100. Kosa hilo dogo lilikuwa limekua hadi theluthi moja ya sekunde. Kombora la Scud likapita bila kuzuiwa, na wanajeshi 28 wakafa. Hakuna kitufe kitakachomfundisha mhandisi jambo hilo.

Binamu aliwasilisha kazi yake Jumatatu. Noti na picha za babu hazikurudi, na shangazi bado hajaambiwa. Kama wewe ni mhadhiri na umesoma hadi hapa, nina flashi yenye Octave. Nitakuletea mwenyewe, maabara hadi maabara, na chai nitanunua mimi.