Minara haifanani, kanisa ni moja

Likizo hii mimi na shemeji yenu tulipanda treni Paris hadi Chartres, zaidi ya saa nzima, tumenuniana. Kisa? Pesa, kama kawaida. Kufika kwenye kanisa kuu, minara miwili, haifanani hata kidogo! Wa kulia ni wa karne ya 12, umenyooka, hauna makeke. Wa kushoto, radi iliunguza kilele chake mwaka 1506, wakajenga kipya, kirefu zaidi, nakshi tupu. “Huyo mwenye mapambo ni wewe,” akaninong’oneza. Nikacheka, mnuno ukaisha. Hesabu za pesa tulizimaliza usiku hotelini, taratibu. Wenzetu wamesimama pamoja miaka 500 bila kulazimishana kufanana. Sisi tuna sita tu. Nyie je?