Njia za baiskeli Dar: Hoja ni mzigo, si mazoezi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

NENO bodaboda, ambalo leo wengi wanalifahamu kwa maana ya pikipiki, lilizaliwa mpakani Busia, ambako tangu miaka ya 1960 baiskeli zilikuwa zikivusha watu na magunia kati ya Kenya na Uganda. Baiskeli ile haikuwa ya mazoezi. Ilikuwa gari la mizigo la mtu asiye na gari, na kwa wafanyabiashara wadogo wengi wa ukanda huu bado iko hivyo hivyo.

Anayetaka ushahidi aende soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi na mapema. Samaki wakishatoka mnadani, matenga hufungwa kwenye keria na safari ya kwenda uswahilini huanza, ambako mama wa nyumbani anataka kitoweo kabla ya saa sita mchana. Madafu nayo huuzwa juu ya baiskeli, na mkaa mwingi umeingia jijini kwa njia hiyo kutoka upande wa Kisarawe. Mzigo huo hauna hati wala stakabadhi, kwa hiyo hauonekani katika hesabu za mchumi wa wizara.

Hapo ndipo kampeni za kudai miundombinu ya baiskeli zinapopungukiwa. Umoja wa Waendesha Baiskeli Dar es Salaam, UWABA, umekuwa ukifanya misafara barabarani na kupeleka madai kwa mamlaka. Juhudi zipo. Lakini kwa jumla, hoja inayosikika zaidi katika kampeni za aina hii ni ya afya na mazingira, na viongozi huikubali haraka kwa sababu haiwagharimu kitu. Nani atasema anapinga hewa safi?

Ikumbukwe kwamba Dar es Salaam haijakosa njia za baiskeli kabisa. Mradi wa mabasi yaendayo haraka awamu ya kwanza, wenye takriban kilomita 21 na ulioanza kutoa huduma Mei 2016, ulijengwa na njia za baiskeli na za waenda kwa miguu kando ya Barabara ya Morogoro. Jiji likapata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Kwa maneno mengine, kampeni ilishinda kwenye michoro.

Kwenye lami mambo ni mengine. Njia hizo huegeshwa magari, hupitwa na pikipiki zinazokwepa foleni, na hupangwa meza za biashara. Mtu mwenye baiskeli tupu ataibeba na kuruka kizuizi. Mwenye tenga mbili za samaki hawezi, inambidi aingie barabarani katikati ya malori. Njia ya kilomita 20 iliyozibwa sehemu kumi si njia ya kilomita 20 tena, ni vipande kumi na kimoja visivyomfikisha mtu popote.

Simlaumu mmachinga. Anapanga meza pale ambapo mteja anapita, na uamuzi huo ni sahihi kibiashara. Walipoondolewa kwenye hifadhi za barabara mwishoni mwa mwaka 2021, suala lilikuwa watapelekwa wapi. Nani atailinda njia ikishaachwa wazi ni suala ambalo halikuzungumzwa sana. Njia ya basi ina mwenyewe, na gari binafsi likiingia dereva anajua amefanya kosa. Njia ya baiskeli haina mwenyewe.

Gharama yake inahesabika. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mchuuzi akiona barabara ni hatari anaacha baiskeli na kukodi bodaboda, kwa kuwa kondakta wa daladala hapakii tenga linalovuja. Akilipa shilingi 4,000 kwa siku, kwa siku 26 ni shilingi 104,000 kwa mwezi. Fedha hizo ama zinatoka kwenye faida yake ama zinaingia kwenye bei ya samaki.

Majirani nao wana ya kutufundisha. Nairobi ilizindua mwaka 2015 sera ya usafiri usiotumia injini, ikiahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya waenda kwa miguu na baiskeli. Hata hivyo, mradi uliotikisa jiji hilo baadaye ni barabara ya juu ya kulipia ya kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022. Kigali imekuwa na siku za kufunga barabara kwa magari tangu 2016, na Septemba 2025 ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Afrika. Ni sifa kubwa, ingawa mbio si mizigo.

Funzo chungu zaidi linatoka Bujumbura. Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku katika sehemu kubwa ya jiji hilo. Sehemu kubwa ya bidhaa zinazoingia Burundi hupitia bandari ya Dar es Salaam, na kontena hulipiwa kila hatua hadi ghalani. Kutoka ghalani hadi dukani, katika miji yetu, mara nyingi anayemalizia ni mtu wa baiskeli. Akiondolewa, hatua ile fupi ndiyo inayopanda bei, na hakuna ushuru wa forodha uliopunguzwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki utakaoifidia.

Kwa maoni yangu, kampeni ya Dar es Salaam ingeanza kwa kuhesabu matenga yanayotoka Feri kwa siku, kisha idai mambo mawili ndani ya mikataba ya awamu zinazofuata za mradi wa mabasi: upana wa njia unaotosha baiskeli yenye mzigo, na fungu la kila mwaka la kuilinda njia hiyo pamoja na jina la ofisi inayowajibika. Mikataba ikishasainiwa, kuongeza mita moja ya lami ni mazungumzo ya miaka.

Tatizo ni saa. Mikutano ya wadau wa miradi huitishwa saa tatu au saa nne asubuhi, tena hotelini. Saa hiyo mchuuzi wa samaki yuko Tandale, na tenga halijaisha.