Bima ya Afya: Tusingoje Mpaka Tuugue

Mnunuzi wa ng'ombe mnadani humtazama meno, humtembeza, ndipo akapatana bei. Mgonjwa hana nafasi hiyo. Hajui ana maradhi gani wala kipimo kipi kinamfaa, na anayemwambia anunue nini ndiye huyo huyo anayemuuzia. Kenneth Arrow, mwanauchumi wa Marekani, aliyaandika haya mwaka 1963. Sisi wa Babati tunayajua bila ya kumsoma.

Ama katika bima, mambo hugeuka. Huko anayejua hali yake ni mwanachama, na asiyejua ni mfuko. Mzima husema fedha yake itapotea bure, akakaa kando; mwenye maradhi huwahi kujiandikisha. Mfuko ukibaki na wagonjwa watupu, mchango hupandishwa, na wazima wachache waliosalia nao huondoka. Toto Afya Kadi ya NHIF ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mwezi wa Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisimamishwa, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba wazazi wengi walileta watoto ambao tayari ni wagonjwa. Mzazi hapaswi kulaumiwa kwa kumhangaikia mwanawe. Lakini mwaka jana, mtoto alipokuwa akicheza, mzazi huyo alikuwa wapi?

Wako wanaouliza: je, bima si gharar? Swali hili ni la haki. Baraza la Fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1985 liliikataa bima ya kibiashara, likairuhusu ile ya kusaidiana. Kwa rai yangu mfuko wa afya ya jamii uko karibu zaidi na hii ya pili. Ila ni kusaidiana gani huko, ikiwa kila mtu huja siku ya kuchukua tu?

Basi jamaa za misikiti zijiandikishe kwa pamoja, kaya nzima nzima, wazima kwa wagonjwa, mara baada ya kuvuna mahindi, wakati mkono una kitu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo imeelekea huko.

Mfuko nao una wajibu. Aliyelipa akifika zahanati akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani, mwaka ujao harudi, wala hatuwezi kumlaumu. Orodha ya dawa zilizopo na zilizokwisha ibandikwe mlangoni kila wiki, watu waisome kabla ya kutoa fedha zao.