Baa ya mjini na mhudumu wake

Sisi wa Mbangala tukifika Tunduma jioni, husikia wateja wakizipima baa za katikati ya mji: hapa bia ya baridi, pale nyama choma ngumu, kule muziki unaumiza masikio. Madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde husifu palipo na huduma ya haraka. Sijasikia anayeuliza mhudumu anarudije nyumbani saa nane usiku.

Nasi kanisani tukitaja baa, tunataja dhambi tu (ingawa baadhi yetu tunajulikana huko kwa majina). Katekisimu, namba 2290, haikatazi glasi moja. Inakemea ulevi unaohatarisha wengine barabarani. Tuhubiri hilo. Na mhudumu akimnyima dereva chupa ya tano, mwenye baa asimkate mshahara.